Maziwa ya Nyange Hayachemshwi

Luciana alitangaza kwamba harudi Dodoma akiwa amekaa mkekani anapepeta alizeti, kwa sauti ile ile ambayo siku nyingine angesema chumvi imekwisha.

"Drip tatu zinanitosha. Hiyo ya nne wampe mwingine."

Noel, mumewe, alishusha fimbo aliyokuwa akipigia vichwa vya alizeti. Barazani, Bibi Rebeka, mama yake Noel, alikuwa anafukiza kibuyu chake cha maziwa: ametia kaa la moto ndani, anakizungusha taratibu, moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu. Hakuinua kichwa, ila mikono ilisimama. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na mbili, magoti yamechoka na macho yameanza kufifia. Masikio ndiyo yaliyokataa kuzeeka, hasa kwa mambo ya nyumba ya mwanawe.

"Mama Sara, daktari amesema sita," Noel alianza. "Tumefika nusu. Titi wamelitoa, kidonda kimepona. Hizi drip ni za kufagia mabaki. Ukiacha katikati..."

"Najua nikiacha katikati. Nilikuwepo daktari alipokuwa anasema." Luciana aliweka ungo chini. "Baba Sara, mimi siogopi kansa. Naogopa basi."

Hakuna aliyecheka, maana wote watatu walijua. Tangu drip ya pili tumbo la Luciana halikukaa sawa. Lilikuwa linasokota, linauma, linaachia bila kubisha hodi. Nyumbani kwao, kijiji cha jirani na Kiomboi, alikuwa anakwenda chooni mara nyingi mpaka kuku wamezoea kumpisha njia, na hilo aliweza kulifanyia mzaha. Basi ni kitu kingine. Safari ya tatu lilisimama mara nne kwa ajili yake. Mara ya kwanza abiria walisema pole. Mara ya pili wakanyamaza. Mara ya tatu konda akasema, kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa, kwamba hili ni basi siyo gari la wagonjwa. Ya nne hata haikusaidia, maana hakuwahi. Noel alivua koti akamfunga kiunoni, na mama mmoja wa kiti cha mbele akafungua dirisha bila kugeuka nyuma. Dirisha lile ndilo ambalo Luciana hakulisahau. Alimsamehe konda, lakini lile dirisha hapana.

"Tutapata usafiri mwingine," Noel alisema.

"Upi? Una gari umelificha wapi?"

Noel aliokota fimbo yake akaendelea kupiga alizeti, kwa nguvu kuliko alizeti zilivyohitaji.

Bibi Rebeka akamwaga kaa, akapuliza ndani ya kibuyu, akakikung'uta. Alimpenda mkwewe, na si kwa ile namna ya kusemwa kanisani. Miaka kumi na minane iliyopita alimpinga waziwazi kwamba ni mwembamba, hatafika mbali kwa jembe. Siku hizi, Luciana akichelewa kutoka chooni, bibi alikuwa anatafuta sababu ya kupita upande ule, mara anaangalia mayai, mara anatafuta ufagio, mpaka asikie mlango wa bati unafunguliwa.

Noel alikuwa amejaribu. Huko Dodoma nesi mmoja alimwambia kuna vidonge vinavyowasaidia baadhi ya wagonjwa, tumbo linatulia kidogo. Daktari akatazama vipimo vya damu, akakubali avitumie. Noel akavitafuta Singida mjini duka hadi duka, akapata pakiti moja kwa bei ya majogoo watatu. Sara, binti yao wa kidato cha tatu, ndiye aliyemsomea bibi maandishi.

"Ni bakteria hai, bibi. Vijidudu."

"Wadudu?"

"Vijidudu wazuri. Wanakaa tumboni wanasaidia chakula. Zile drip zinawavuruga, sasa unawarudisha."

"Mwanangu kauza majogoo wangu akanunue wadudu."

"Wazuri, bibi. Hata kwenye mtindi wamo."

Bibi Rebeka alikitazama kidonge kile kama mtu anayetazama noti bandia. Hata hivyo Luciana alivimeza, na kweli tumbo likapungua hasira: usiku alilala, akala ugali mdogo bila kuukimbia. Kisha pakiti ikaisha. Mwenye duka akasema mzigo mwingine unatoka Dar mwezi ujao, labda. Ndani ya siku tatu mambo yakarudi pale pale, na ya nne ndiyo siku hiyo ya alizeti.

Lakini lile neno la Sara lilikuwa limeshaingia kichwani mwa bibi na kupata kiti. Kwenye mtindi wamo. Basi kama ni hao wadudu, yeye alikuwa nao kwenye kibuyu tangu Noel hajazaliwa. Kibuyu hakikuwahi kuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Kila alipomimina alibakiza kidogo chini kiwe mbegu ya maziwa ya kesho, na hiyo mbegu aliipata kwa mama yake siku aliyoolewa. Watu wanahangaika na maduka ya Singida, na dawa iko barazani imening'inia!

Kulikuwa na karatasi ukutani jikoni. Sara aliiandika kwa kalamu nyekundu, maagizo ya hospitali: mboga mbichi hapana, nyama isiyoiva hapana, maziwa yasiyochemshwa HAPANA. Bibi Rebeka alijua kusoma. Alisoma Biblia bila miwani mpaka juzi juzi. Aliisoma na hiyo karatasi, akasimama mbele yake akaitafakari kwa haki kabisa. Akaona kwamba inazungumzia maziwa ya mjini, yale yanayopita mikono kumi, yanayotiwa maji na wajanja. Daktari wa Dodoma hamjui Nyange. Angemjua asingeandika hivyo.

Nyange alikuwa ng'ombe wake mweupe, wa kienyeji, mwenye pembe moja iliyoinama, anayetoa maziwa machache na mazito.

Alimpelekea Luciana kikombe cha maziwa ya kibuyu asubuhi iliyofuata, Noel akiwa shambani na Sara shule. Aliyatia kwanza kwenye chupa ya chai ili watu wasiulize.

"Mama, wamesema nisinywe," Luciana alisema. Lakini pua ilishasikia ule moshi, na macho yake yakabadilika. Miezi miwili hakuwa ametamani kitu chochote. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari.

"Onja tu, mwanangu. Ukiona vibaya utatema."

Luciana akaonja. Akanywa nusu. Akafumba macho, akamaliza, akakaa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Yamebaki?" akauliza.

Bibi Rebeka alitoka jikoni na machozi, akasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Siku mbili zilikuwa nzuri. Siku ya tatu, saa saba mchana, Luciana alianza kutetemeka chini ya mablanketi mawili juani.

Hospitali ya Kiomboi walimpokea haraka. Homa ilikuwa juu sana. Walitoa damu, wakatundika maji, wakapiga simu Dodoma kuulizia dawa, wakamtenga kwenye kitanda cha pembeni kwa sababu chembe nyeupe, zile za kupigana na magonjwa, zilikuwa zimeshuka mno. Bibi Rebeka alikaa kwenye benchi la korido. Chupa ya chai alikuwa nayo, ameifunika kwa kitenge, hata yeye hajui kwa nini alikuja nayo.

Nesi wa zamu aliitwa Magreth, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Alitoka wodini akasimama mbele ya Noel na mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgonjwa amekula nini siku hizi tatu? Nataka kila kitu, msinifiche."

"Uji," Noel alisema. "Ugali kidogo, mchuzi wa kuku. Chai. Tunafuata karatasi."

"Na kingine?"

Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mguu wa bandeji. Wote walikuwa wanatazama ukuta kwa namna ya watu wanaosikiliza. Bibi Rebeka akafunua kitenge.

Noel aliitazama chupa, akaifungua, akanusa. "Mama," alisema. "Mama, hukuona ile karatasi?"

"Niliiona."

"Na ukampa?"

"Nilimpa."

"Kwa nini, mama?"

Bibi akamtazama mzee wa bandeji, akaanza kukunja kitenge. Noel hakumpigia kelele. Alikwenda kumwaga maziwa kwenye sinki la nje, na sauti ya maji kwenye lile sinki bibi aliisikia yote, mpaka tone la mwisho. Tangu azae hakuwahi kuona mwanawe anamwaga kitu cha mkono wake.

Nesi Magreth alikaa chini kando yake.

"Bibi, usidhani nakudharau. Wazo lako siyo la kijinga. Kwenye mtindi wamo wale wazuri, kweli. Lakini maziwa mabichi yana na wengine. Wa kwenye kiwele, wa kwenye mikono, wa kwenye kibuyu. Wewe na mimi tukiwanywa mwili unawapiga. Huyu sasa hivi hana wa kuwapiga, drip zimewaua. Huenda homa imetoka humo, huenda imetoka kwingine, sina kipimo cha kuniambia. Ila hayo maziwa mabichi ni hatari kwake. Ungeyachemsha kwanza ukagandisha kwenye chombo safi, ingekuwa habari nyingine. Kwa nini hukuchemsha?"

"Maziwa ya Nyange hayachemshwi."

"Kwa nini?"

"Hayachemshwi tu, mwanangu. Ukiyatia motoni, kiwele kinaungua. Chuchu zinapasuka, zinakauka. Mama yangu hakuchemsha, bibi yangu hakuchemsha. Kwa baba yangu bibi harusi mmoja alichemsha kwa kutojua, ng'ombe akakauka mwezi ule ule. Niliona kwa macho."

"Na maziwa ya chai?"

"Ya chai nanunua kwa Laurian. Wale wa kisasa. Wale wamezoea chochote."

Nesi Magreth alitaka kucheka, akajizuia kwa heshima, akamshika bibi begani badala yake.

Jioni Noel aliruhusiwa kuingia kumwona mkewe. Mlango ulikuwa wazi, na tumeshasema habari za masikio ya Bibi Rebeka.

"Mama ndiye," Noel alikuwa anasema. "Mama mwenyewe. Nikisema natoka, namwachia nani nyumba?"

"Usimgombeze." Sauti ya Luciana ilikuwa nyembamba. "Mimi niliomba cha pili. Na cha tatu. Kesho yake nilimfuata mwenyewe jikoni. Nilijua karatasi inasema nini, baba Sara, mimi si mtoto. Ni kitu pekee kilichopita kooni bila vita."

Bibi Rebeka alijifunika kitenge usoni. Angegombezwa angevumilia, kutetewa ndiko kulikomshinda.

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya sita walimruhusu. Daktari wa Dodoma alisogeza drip ya nne mbele kwa wiki mbili, na Nesi Magreth akamuuliza kwenye simu habari ya mtindi, wote wakiwa wanasikiliza. Jibu likawa hivi: chembe nyeupe zikishapanda, wapime Kiomboi, ndipo anaweza kunywa kidogo kidogo, maziwa yakiwa yamechemshwa, chombo kimechemshwa, na mbegu isiwe ya kibuyu bali mtindi wa pakiti. Siyo dawa ya kansa. Tumbo linaweza kutulia, linaweza lisitulie. Kwa wengine inasaidia, kwa wengine hakuna tofauti. Joto likipanda tu, arudi mbio.

"Tumeelewa," Noel alisema.

"Hata akielewa nani, mimi siendi Dodoma," Luciana alisema, akavaa kandambili zake.

Nyumbani Noel alichukua vibuyu vyote vitatu akavifunga juu kwenye kenchi ya paa, mahali ambapo mama yake hafiki. Kwa siku mbili walisalimiana kama wapangaji.

Chembe nyeupe zikapanda. Noel akanunua mtindi wa pakiti. Luciana akanywa kijiko kimoja, akasema unanuka friji, akautapika wote. Bibi Rebeka akachukua kijiko cha uliobaki kuwa mbegu, akaenda kwa Laurian kununua maziwa, akamkabidhi Sara ayachemshe. Chupa ya asali yenye mdomo mpana ilichemshwa kwenye sufuria mpaka nembo ikabanduka. Kisha bibi akaishika juu chini kwenye moshi wa kaa la mti ule ule anaofukizia vibuyu, mpaka kioo kikashika harufu. Karatasi haikukataza moshi. Aliisoma mara mbili kuhakikisha.

Asubuhi maziwa yalikuwa maji. Asubuhi ya pili yalikuwa maji yenye harufu mbaya. Akarudi kwa Laurian na chupa yake mkononi.

"Laurian, maziwa yako yana nini? Hayagandi."

Laurian akakuna kichwa. "Shikamoo, mama. Aa... nilikuwa nakuja kukwambia. Ng'ombe wamevimba viwele, wote wawili. Nimewachoma sindano. Bwana mifugo alisema hizo dawa zinaua wadudu wa kugandisha. Alisema hata nisiuze. Nisamehe, nilidhani ya chai tu."

"Viwele vimevimba?"

"Vyote viwili."

"Na huwa mnachemsha."

"Tunachemsha, mama, kila mtu anachemsha."

Bibi Rebeka alirudi nyumbani bila kusema si niliwaambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikaa barazani mpaka jua likatua. Kijijini pale ng'ombe wengine wenye maziwa msimu ule walikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na wenyewe hawauzi. Siku za kwenda Dodoma zilikuwa zimebaki kumi na moja, na Luciana alikuwa ameshaikunja nguo ya safari akairudisha chini kabisa ya sanduku.

Asubuhi alimkamua Nyange kama kawaida. Alipomaliza hakusimama. Aliweka kiganja juu ya kiwele, kikiwa bado na joto, akamwambia kwa Kinyiramba, taratibu, jambo ambalo hatutalitafsiri lote. Alimwambia kwamba yeye Rebeka hana ubaya naye. Alimwambia ni nani anayeumwa.

Kisha akaingia jikoni akawasha moto.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa amepika miaka sitini, harusi na misiba, lakini hakuwahi kusimama mbele ya maziwa yanayochemka. Maziwa ya chai daima alichemsha mtu mwingine, yeye akipisha nje. Aliyaangalia yametulia, akaona kumbe ni kazi rahisi, akageuka kuchukua mwiko. Yakapanda yote kwa pamoja, yakamwagika motoni kwa kishindo cha mvuke na harufu ya kuungua.

"Mungu wangu!" Bibi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Sara! Sara! Yameinuka!"

Sara alikuja mbio, akaipua sufuria kwa pindo la kanga, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, ndivyo yalivyo! Unapunguza kuni, unakoroga."

"Yamemwagika motoni, Sara. Motoni kabisa."

Sara akaona uso wa bibi yake, akaacha kucheka. Akamshika mkono, wakasimama pamoja kuyaangalia yaliyobaki yakichemka mara ya pili, mjukuu akikoroga, bibi akishika kanga ya mjukuu.

Kesho yake maziwa, yaliyotiwa mbegu mpya ya pakiti, yalikuwa yameganda vizuri kwenye chupa ya asali, mazito, yana moshi kwa mbali. Luciana alinywa nusu kikombe akiwa amekaa mlangoni. Alinyoosha kikombe.

Siku ya nne ya kuchemsha, Bibi Rebeka alikuta chuchu moja ya Nyange imepasuka. Ufa mdogo, wa upande, una damu iliyokauka.

Pengine ni ndama aliyeanza kuota meno. Pengine ni miba, maana walikuwa wanalisha upande wa vichaka. Bwana mifugo angetaja sababu kumi. Bibi Rebeka alikuwa nayo moja. Alichuchumaa pale muda mrefu, ndoo tupu katikati ya magoti. Halafu akaenda ndani akachukua samli, akampaka Nyange ile chuchu kwa kidole, akazikamua zile tatu, akaenda jikoni akayachemsha.

Noel alimkuta anapaka samli siku iliyofuata. Akainama, akaona.

"Mama. Tangu lini?"

"Jana."

"Na bado unachemsha?" Noel hakuiamini ile habari ya kiwele, alishafika shule akaiacha huko. Lakini alijua mama yake anaiamini. Alimjua tangu hajui kutembea. "Mama, ungeacha. Tungetafuta njia nyingine."

Bibi Rebeka hakugeuka. Kidole kilikuwa kinaendelea kuzunguka na samli.

"Nyange ana chuchu nne," alisema. "Mama Sara kabaki na titi moja."

Noel alisimama pale zizini, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akalia kama alivyolia siku walipotoka chumba cha upasuaji, siku ambayo alidhani amemaliza machozi. Baadaye akaingia ndani, akapanda juu ya stuli, akafungua vibuyu kutoka kenchi akavirudisha barazani mahali pake. Vikae tu, alisema, mtu asivitie kitu mpaka mama Sara apone. Mama akajibu kwamba yeye si mtoto wa kuambiwa mara mbili. Tangu hapo wakawa wanaongea.

Tumbo la Luciana halikupona kwa miujiza. Siku mbili lilitulia, siku moja likakumbuka ugomvi wake, kisha likatulia tena. Lakini siku za kutulia zilianza kuzidi, na yeye akaanza kuzihesabu kimyakimya, bibi akizihesabu upande wa pili wa ukuta. Siku ya tisa nguo ya safari ilionekana kwenye kamba, imefuliwa.

"Nitakwenda," Luciana alisema wakati wa chakula. "Lakini lile dirisha, baba Sara. Wakifungua tena lile dirisha nashuka hapo hapo, narudi kwa miguu."

"Nitakwenda naye mimi," alisema Bibi Rebeka.

Wote wakamtazama. Bibi Rebeka hakuwahi kuvuka Singida mjini.

"Mama, na hayo magoti?"

"Magoti yatakaa kwenye kiti. Basi si linakwenda lenyewe?"

Waliondoka alfajiri, Luciana dirishani, bibi kando yake, chupa ya chai mapajani, ya halali sasa, haijafunikwa. Singida walipita salama. Ikungi salama. Manyoni walinunua karanga, Luciana akala tano. Bibi alikuwa anaangalia nje na kuuliza mambo: wale ng'ombe ni wa nani, kwa nini hapa hakuna alizeti, huyu dereva ameoa. Luciana alijibu yote mpaka alipoacha kujibu.

Bibi akageuka. Jasho lilikuwa limemtoka mkwewe juu ya mdomo, mikono imeshika kiti cha mbele. Pande zote mbili za barabara ni vichaka tu na jua.

"Sasa hivi?" bibi alinong'ona.

Luciana alitikisa kichwa kwamba ndiyo, akafumba macho. "Mama, siwezi kumwambia yule konda. Ni yule yule."

Bibi Rebeka alisimama. Alishika bomba la juu, akajinyoosha kadiri magoti yalivyomruhusu, akatoa sauti aliyozoea kuitia ng'ombe kutoka mlima wa pili.

"Dereva! Simamisha! Nataka kuchimba dawa!"

Basi zima likageuka. Konda akaja akishika viti. "Bibi, si tumetoka kusimama Manyoni? Ungesema pale."

"Pale tumbo lilikuwa halijaniambia. Mimi ni mzee, mwanangu, tumbo langu limeniharibikia, linaachia. Unataka niachie hapa kwenye kiti chako?"

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akasema wazee wawe wanabaki nyumbani. Mama mmoja mwenye miwani, viti viwili mbele, alifungua dirisha.

"Fungua, mama, fungua," Bibi Rebeka alimwambia. "Ni mimi. Kuna harufu. Mkwe wangu, nishike mkono unipeleke, peke yangu nitaanguka."

Basi likasimama. Luciana akamshika mkono, na watu waliona mkwe mwema anamsindikiza mzee wake kichakani, na wengine wakasema kwamba siku hizi wakwe kama hao ni wachache. Nyuma ya kichaka bibi alitandaza kitenge kwa mikono miwili, akasimama mgongo kwa mkwewe, uso kwa barabara, mpaka shughuli ikaisha. Luciana alinawa kwa maji ya chupa, akakunja kitenge vizuri, kona kwa kona.

"Mama," alisema.

"Twende, watatuacha."

Mlangoni konda alimwinua bibi kwa kwapa, na sauti ilikuwa imeshuka. "Pole, bibi. Ulikula nini, kwani?"

"Maziwa," alijibu Bibi Rebeka, akipanda ngazi moja moja mbele ya abiria wote. "Nimezoea mabichi miaka sabini na mbili. Sasa wananichemshia."

Luciana alikaa kwenye kiti chake, akaegemeza kichwa chake kisicho na nywele kwenye bega la mkwewe, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea, mpaka yule mama mwenye miwani akageuka kuangalia, na walipofika Bahi alikuwa bado anafuta machozi kwa kitenge.